Halloween ya zamani na ya sasa: watoto wameacha kuimba, wanataka pipi tu. Huko mliko ikoje?

#1 Kipara_wa_Clyde
Wakuu, salamu.

Niko Glasgow. Jirani yangu wa chini ni bibi wa Kiskoti aliyekwisha kuvuka miaka themanini, na kila tarehe 31 Oktoba jioni lazima agombane na watoto wa watu. Wakigonga mlango wamevaa mafuvu na mabawa ya popo, anasimama kizingitini na kuuliza: "Haya, mmeniandalia nini?" Anataka wimbo, shairi, kichekesho, mazingaombwe ya sarafu, chochote kile. Akiridhika ndipo anatoa njugu, tufaha, chungwa na pipi mbili tatu. Watoto wa siku hizi wanabaki kutazamana, halafu mmoja anatamka ile kauli ya "trick or treat" (yaani nipe pipi au nikufanyie utundu) na kusogeza ndoo mbele. Hapo bibi anafunga mlango.

Anasema enzi zake huo mchezo uliitwa guising. Unajigeuza sura hadi usitambulike, unabeba taa iliyochongwa kwa tanipu (mzizi mkubwa wa mviringo unaoliwa), unaingia sebuleni kwa watu na kutoa ulichoandaa. Kazi kwanza, ujira baadaye.

Hoja yangu ni hii: Halloween ya leo Uskoti ni mtumba uliorudi kutoka Marekani, na umeua ya wenyeji. Kizazi cha bibi kilikuwa na sherehe, hiki cha sasa kina manunuzi. Mlioko nchi nyingine mnaonaje, na wazee wa huko wanalalamikia nini?

#2 Chemchem88
Nimevuta kiti. Ila huyo bibi angenipata mimi nikiwa mtoto ningerudi na ndoo tupu. Sina shairi wala sauti.

#3 MamaZawadi_Cork
Kipara, mada nzuri, lakini usiwape Wamarekani kila kitu. Huku Ireland watu wanaichukulia kuwa ya kwao tangu enzi za Samhain, sikukuu ya Wagaeli ya kuingia majira ya baridi. Wanakwambia kabisa kwamba wahamiaji wao ndio walioipeleka ng'ambo, sasa inarudi nyumbani imenenepa.

Tena kwetu huku si ya watoto peke yao. Shule zinafungwa wiki nzima, na Jumatatu ya mwisho ya Oktoba imekuwa siku ya mapumziko kitaifa tangu 1977. Kuna mkate mtamu wa zabibu kavu unaoitwa barmbrack. Mama mkwe wangu anaoka wa kwake na kuficha vitu ndani: pete, sarafu, kipande cha kitambaa, punje ya njegere na kijiti. Ukikatiwa kipande chenye pete, utaolewa mwaka huo. Sarafu ni utajiri, kitambaa ni ufukara, njegere maana yake hakuna ndoa, na kijiti ni ndoa ya ugomvi. Ya madukani siku hizi ina pete tu. Mama mkwe anasema wameondoa mabaya yote wakabakiza mazuri, sasa huo ni ubashiri gani?

Na fataki! Kwa sheria za Jamhuri mtu wa kawaida haruhusiwi kuwa nazo bila leseni. Ukisikiliza usiku wa tarehe 31 utadhani hiyo sheria iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

#4 Chemchem88
MamaZawadi, wewe ulikatiwa kipande chenye nini? Sema kweli.

#5 MamaZawadi_Cork
Kitambaa. Mume wangu akapata kijiti. Tuendelee na mada.

#6 Mlokole_Imara
Ndugu zangu mnashangilia mambo msiyoyajua. Hiyo ni siku ya makuhani wa kipagani waliokuwa wakimwaga damu za watu, kanisa likaja kuifunika kwa Siku ya Watakatifu Wote ili watu waache. Haikufa, ilijificha tu. Mtoto wangu hatavaa fuvu.

#7 Msoma_Nyaraka
Mlokole, kuhusu mtoto wako una haki zote, hakuna atakayekuingilia. Kuhusu historia, hapo umeruka hatua nyingi.

Kwanza, tunachokijua kuhusu Samhain kinatoka zaidi kwenye maandishi ya Ireland ya enzi za kati, yaliyoandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baada ya upagani. Yanataja mikusanyiko, karamu, kodi, vita na viumbe wa vilimani. Hakuna maelezo ya ibada ya wafu unayoweza kuyawekea mkono.

Pili, Siku ya Watakatifu. Papa Boniface IV aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Roma tarehe 13 Mei, mwanzoni mwa karne ya 7, kwa Bikira Maria na mashahidi wote. Tarehe 1 Novemba ilikuja baadaye, ikaenea katika himaya ya Wafranki mwaka 835. Sasa sikilizeni: mwanahistoria Mwingereza Ronald Hutton ameonyesha kwamba mnamo mwaka 800 hivi kanisa la Ireland lilikuwa likiadhimisha watakatifu wote tarehe 20 Aprili, wakati Uingereza na Ujerumani ndiko walikokuwa tayari wanatumia Novemba. Kama lengo lilikuwa kuifunika Samhain, mbona wenye Samhain wenyewe ndio walikuwa na tarehe nyingine?

Siku ya Marehemu Wote, 2 Novemba, ni ya wamonaki wa Cluny, Ufaransa, chini ya abati Odilo, karibu na mwaka 1000. Hapo ndipo wafu wanapoingia rasmi kwenye kalenda.

#8 MamaZawadi_Cork
Msoma, Hutton namjua. Lakini usituambie watu walikuwa wanawasha mioto vilimani bure bure usiku uleule kwa bahati tu. Kutokuandikwa si kutokuwepo. Huku Meath kuna kilima cha Tlachtga, nenda kawaambie wenyeji kwamba haikuwa kitu uone.

#9 Msoma_Nyaraka
Sikusema haikuwa kitu. Nimesema hatujui ilikuwa kitu gani.

#10 Mlokole_Imara
Kwa hiyo mnakubali wafu waliletwa na kanisa katoliki. Asanteni.

#11 Fundi_wa_Stuttgart
Nimecheka hapo juu. Mlokole, wewe njoo Ujerumani utafurahi. Tarehe 31 Oktoba ni Siku ya Matengenezo, kumbukumbu ya Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517. Mwaka 2017, miaka 500 ilipotimia, nchi nzima ilipumzika, na mwaka uliofuata majimbo manne ya kaskazini yakaifanya sikukuu ya kudumu. Kwa hiyo jioni moja hiyohiyo unaona wazee wanatoka kanisani na vijana wanakwenda disko wamejipaka damu ya bandia. Halafu Bavaria tarehe 1 Novemba ni siku ya kimya kisheria: ikifika saa 8 usiku muziki wa dansi unazimwa. Vampaya wote nyumbani.

Kuhusu biashara, Kipara una hoja. Huku wanajua kabisa nani aliwauzia. Mwaka 1991 maandamano ya karnivali yalifutwa sehemu nyingi kwa sababu ya vita vya Ghuba, wauza mavazi wakapata hasara. Kuanzia 1994 hivi wenye viwanda vya vichezeo na mavazi wakaanza kuipigia debe Halloween makusudi, ili wawe na msimu wa pili wa kuuza. Haijifichi, wenyewe wamesimulia kwenye magazeti.

#12 Kipara_wa_Clyde
Fundi, hapo umenimalizia kazi. Wakuu uzi unaweza kufungwa, mtuhumiwa kakiri.

#13 Fundi_wa_Stuttgart
Subiri kwanza. Mwenye nyumba wangu, mzee wa vijijini huku Swabia, anasema utotoni kwao walikuwa wanachonga viazi vya lishe ya ng'ombe, vile vyekundu vikubwa, wanavitoboa macho na meno, wanaweka mshumaa ndani na kwenda kuwatisha watu madirishani. Wanaviita Rübengeister, mizimu ya viazi. Hiyo ni kabla ya mfanyabiashara yeyote wa 1994. Sasa ni ya Ireland? Ni ya Marekani? Yeye mwenyewe anasema ni ya kwao, na Halloween anaichukia.

#14 Msoma_Nyaraka
Iko pia kusini mwa Uingereza. Kijiji cha Hinton St George, Somerset, wana Punkie Night Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, watoto wanatembea na taa za viazi hivyohivyo vya mifugo wakiimba. Kaskazini-magharibi mwa Hispania, Galicia, nako kuna maboga yenye nyuso. Nadhani popote penye mavuno ya mizizi mikubwa, giza la mapema na watoto watundu, taa itachongwa tu. Haihitaji babu mmoja.

#15 Kipara_wa_Clyde
Basi nani kati yenu amewahi kuchonga tanipu? Mimi nilijaribu kumfurahisha bibi. Lile dude ni gumu kama gogo. Kijiko kilipinda, kisu kikateleza, na nyumba nzima ikanuka kabichi iliyoungua mshumaa ulipowashwa. Mbegu za boga unazikomba kwa mkono tu. Ukiniuliza kwa nini tanipu lilishindwa, sihitaji mwanahistoria.

#16 MamaZawadi_Cork
Hahaha kweli. Ila sura yake sasa! Boga linachekesha, tanipu linatisha. Kwenye Makumbusho ya Maisha ya Vijijini kule Mayo wanaonyesha nakala ya plasta ya moja la zamani. Lina meno machache na macho madogo kama maiti aliyefukuliwa. Mwanangu aliung'ang'ania mkono wangu hadi tukatoka.

#17 Shangazi_wa_Michigan
Nimesoma yote. Mnaitaja Marekani kana kwamba ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Niko huku tangu miaka ya themanini, nimeona Halloween tatu tofauti.

Ya kwanza ilikuwa ya moto. Detroit usiku wa tarehe 30 uliitwa Usiku wa Shetani. Zamani ilikuwa watoto kupaka sabuni madirisha na kutupa mayai, halafu ikageuka kuwa kuchoma nyumba zilizotelekezwa. Mwaka 1984 kwa siku chache tu ilihesabiwa mioto zaidi ya 800. Miaka ya tisini wananchi wenyewe wakaanza kulinda mitaa kwa maelfu, wakaubatiza Usiku wa Malaika, hali ikatulia.

Ya pili ilikuwa ya hofu. Ukirudi nyumbani mama anamwaga pipi zote mezani, anazikagua moja moja kutafuta wembe na sumu. Hospitali nyingine zilijitolea kupiga eksirei mifuko ya watoto! Mwaka 1982 kulikuwa na mauaji ya watu waliokunywa vidonge vya maumivu vilivyotiwa sumu Chicago, kesi ambayo haina uhusiano wowote na Halloween, lakini mwezi uliofuata kila mzazi alikuwa polisi.

Ya tatu ndiyo hii ya sasa: magari yanapangwa kwenye maegesho ya kanisa au shule, buti zinafunguliwa na kupambwa, mtoto anatoka gari hadi gari. Hagongi mlango wa mtu. Wanasema ni usalama. Wajukuu wangu hawajui majirani wao wanafanana vipi.

#18 Chemchem88
Shangazi shikamoo. Hiyo ya wembe ni kweli au ni chai?

#19 Shangazi_wa_Michigan
Marahaba mwanangu. Wembe uliripotiwa mara kadhaa, na nyingi zilikuwa utani wa watoto wenyewe. Sumu kutoka kwa mtu usiyemjua ndiyo chai. Mwanasosholojia Joel Best amefuatilia ripoti za tangu 1958 na hajapata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa na pipi ya mgeni. Kesi ya kweli ni ya Texas, 1974: mtoto wa miaka minane alikufa kwa sayanidi iliyokuwa kwenye pipi ya unga. Aliyeitia alikuwa baba yake mzazi, alitaka pesa za bima. Alinyongwa? Hapana, alidungwa sindano, 1984.

Ndiyo maana nawaambia, waliogopa mlango wa jirani na hatari ilikuwa sebuleni.

#20 Mlokole_Imara
Hata kanisa linapanga magari? Makanisa gani hayo?

#21 Shangazi_wa_Michigan
Ya kilokole hasa. Wengine wanaita Sherehe ya Mavuno, mtoto aje amevaa kama Daudi au Esta. Pipi ni zilezile.

#22 Chemchem88
Mlokole kakaa kimya, mpeni maji.

#23 Dereva_wa_Masafa
Nikiwa njiani napita sana Iowa, nina jambo litakalomfurahisha Kipara. Mji wa Des Moines watoto walikuwa hawatembei tarehe 31. Walikuwa wanatembea tarehe 30, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, wanaita Usiku wa Ombaomba. Ulianzishwa 1938 kwa sababu vijana walikuwa wanaharibu mali za watu. Na sharti ni hili: hupati pipi mpaka utoe kichekesho! Mtoto wa miaka minne anasimama mlangoni anasema "kwa nini mzimu haogopi lifti kukatika?" na mtu mzima lazima ajifanye hajui jibu.

Kwa hiyo huyo bibi wa Glasgow sherehe yake anayoililia iko katikati ya Marekani, kwenye mashamba ya mahindi.

#24 Kipara_wa_Clyde
Dereva umenivuruga. Kwa hiyo Marekani iliyoua guising ndiyo imeihifadhi? Bibi nitamwambia nini?

Na jibu la lifti ni lipi?

#25 Dereva_wa_Masafa
Keshakufa.

#26 Msoma_Nyaraka
Hahaha. Tuendelee kuvurugana. Hata ile kauli ya "trick or treat" inayomuudhi bibi, magazeti ya zamani zaidi yaliyopatikana nayo ni ya Kanada. Imeonekana Sault Ste. Marie, Ontario, mwaka 1917. Marekani iliisikia baadaye, kisha vita vya pili vikaja na mgao wa sukari ambao haukuisha hadi 1947. Kule kujaza ndoo pipi nchi nzima ni jambo la baada ya hapo. Wanaosema "mila yetu ya karne na karne" wengi wanazungumzia utoto wa wazazi wao.

Na bibi naye asijione ndiye asili. Robert Burns alipoandika shairi lake la Halloween mwaka 1785, hakukuwa na mtoto wa kugonga milango humo. Ni vijana wa kuoana. Wanafumba macho na kung'oa shina la sukumawiki shambani: likiwa refu na nyoofu, mume atakuwa hivyo, likitoka na udongo mwingi, ana mali. Wanaweka njugu mbili kwenye moto, moja yake na moja ya mpenzi, zikiungua pamoja kwa utulivu ndoa itadumu, moja ikiruka basi. Kizazi cha Burns kingemwona bibi na watoto wake wa kuimba, kingeuliza hii nayo ni nini.

#27 Kipara_wa_Clyde
Msoma, kwamba ilibadilika zamani haimaanishi kila badiliko ni sawa. Kuna kubadilika na kuna kununuliwa. Watoto wa bibi walibadilisha wenyewe. Hii ya sasa imekuja kwenye kontena.

#28 Binti_wa_Puebla
Samahani nimechelewa, saa za Mexico. Naona hakuna aliyetaja huku, na afadhali, maana wengi mngesema "Halloween ya Mexico" na mngekosea. Siku ya Wafu ni jambo jingine kabisa. Huku hakuna anayejaribu kumtisha mtu. Tarehe 1 wanawakaribisha watoto waliofariki, tarehe 2 watu wazima. Nyumbani inawekwa madhabahu: picha ya marehemu, maji kwa sababu anafika na kiu, chumvi, mkate wa siku hiyo, chakula alichokipenda, sigara kama alivuta. Maua ya cempasúchil ya rangi ya machungwa yanatandazwa kuanzia mlangoni ili asipotee njia. Huku jimboni kwetu kuna mji wa Huaquechula, aliyefiwa mwaka huo anajenga madhabahu meupe ya kitambaa cha satini, ghorofa tatu hadi dari, na mlango unaachwa wazi. Mgeni yeyote anaingia, anatoa pole, anapewa kula. Niliingia nyumba ya watu nisiowajua, mama wa marehemu akanishika mkono akaanza kunieleza mwanawe alikuwa anapenda nini. Nililia mimi kuliko yeye.

Ila ugomvi wa vizazi upo. Watoto wa mjini wanavaa kama wachawi wa Marekani na kupita madukani wakiomba "calaverita" (fuvu dogo, yaani pipi au senti). Walimu wanasisitiza madhabahu shuleni ili Halloween isimeze. Na kituko kikubwa: lile gwaride la mafuvu la Mexico City linaloonekana kwenye picha zote halikuwepo. Filamu ya James Bond ya 2015 ilibuni gwaride hilo kwenye onyesho la ufunguzi, mwaka 2016 jiji likaona bora liwe la kweli kabla watalii hawajaja kuliulizia. Sasa kuna watoto waliozaliwa baada ya hapo, kwao ni mila.

#29 Chemchem88
James Bond ameanzisha sikukuu. Nimeishiwa nguvu.

#30 Msoma_Nyaraka
Binti, swali. Wanasema mizizi yake ni ya Waazteki. Wengine wanasema ni Ukatoliki wa Hispania tupu. Huko wanafundisha nini?

#31 Binti_wa_Puebla
Wanafundisha Waazteki, na UNESCO walipoiorodhesha mwaka 2008 waliiita ya jamii za asili. Profesa wangu mmoja anasema tarehe, mkate na mishumaa ni Hispania kabisa, ila maua na ule utani na kifo ni wa huku. Mwingine anasema utani ni wa karne ya 20, umetokana na michoro ya mafuvu ya José Guadalupe Posada. Hawasalimiani.

#32 Nahodha_Tagus
Ureno kuna Pão-por-Deus. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, si usiku, watoto wanapita nyumba kwa nyumba na mifuko ya kitambaa wakiomba "mkate kwa ajili ya Mungu". Hakuna kuvaa fuvu. Watu wa Lisbon wengi wanaihusisha na tetemeko la 1755, lililotokea asubuhi ya siku hiyohiyo wakati watu wako misani, mji ukaanguka na kuungua, manusura wakabaki kuombaomba. Wengine wanasema ilikuwepo kabla, tetemeko liliipa nguvu tu.

Halafu serikali ilipobana matumizi, ilifuta sikukuu nne kuanzia 2013, hiyo ikiwemo. Ilirudishwa 2016. Miaka ile watoto walikuwa darasani, wazee kwenye mtaa wangu wanasema hapo ndipo Halloween ilipopata mwanya, kwa sababu yenyewe ni ya usiku, haihitaji likizo. Sijui kama ndiyo sababu, lakini mifuko ya kitambaa imepungua kweli.

#33 Kipara_wa_Clyde
Hiyo hoja ya likizo sijawahi kuifikiria. Ina uzito.

#34 Leeds_Lodger
Mimi niko Yorkshire na nina sababu nyingine. Huku Uingereza yenyewe Halloween ilikuwa ndogo kwa sababu sikukuu ya vuli ilikuwa tarehe 5 Novemba, ya Guy Fawkes na njama ya 1605 ya kulipua bunge kwa baruti. Iliwahi kuwa lazima kisheria, sheria ikafutwa 1859, moto ukabaki. Wazee wanasema walikuwa wanatengeneza mwanasesere wa matambara, wanamkalisha kwenye kigari barabarani na kuomba senti, pesa zinanunua fataki. Na usiku wa tarehe 4 ndio ulikuwa wa utundu: kung'oa mageti, kufunga vitasa vya milango miwili kwa kamba moja. Watoto hawauziwi tena fataki, mwanasesere akafa. Watoto hawakuacha kuomba, walihamia tu tarehe 31 na kubadilisha nguo. Kwa hiyo si kwamba Marekani iliua kitu. Sheria za usalama ziliua, Marekani ikajaza nafasi.

#35 MamaZawadi_Cork
Mimi mume wangu anasema ni filamu ya E.T. ya 1982, ile yenye watoto mitaani wamejigeuza. Anasema kizazi chake chote kiliona mitaa ile wakataka iwe yao.

#36 Shangazi_wa_Michigan
Na sisi huku mitaa ile tumeiacha, tuko kwenye maegesho.

Chemchem, na wewe uliyesema ungetembea na ndoo: mji wa Chesapeake, Virginia, ulikuwa na sheria kwamba aliyepita miaka 12 akikutwa anaomba pipi anaweza kufungwa hadi miezi sita. Mwaka 2019 wakapandisha hadi 14 na kuondoa jela.

#37 Chemchem88
Shangazi, mimi nina ndevu. Nitajisalimisha mwenyewe.

#38 Kobe_wa_Shibuya
Tokyo hapa. Haraka tu. Huku msimu wa mizimu ni kiangazi, wakati wa Obon mababu wanaporudi. Simulizi za kutisha husimuliwa katika joto ili mwili usisimke upate ubaridi. Oktoba haina mzimu. Halloween waliipata kwenye bustani za burudani miaka ya tisini, na ni ya watu wazima, hakuna mtoto wa kugonga mlango. Mtaa wa Shibuya ulijaa hadi 2018 wakapindua kigari cha mizigo, 2019 ukaja mwiko wa kunywa pombe barabarani, na 2023 meya wa Shibuya akawaomba watu wasije kabisa. Na baada ya maafa ya Itaewon, Seoul, 2022, ambako watu 159 walifariki kwenye msongamano, hakuna anayemwona meya mkorofi.

#39 Mgeni_2207
Wakuu mlioko Ujerumani, ajira za udereva zikoje?

#40 Msimamizi
Mgeni, fungua uzi wako kwenye jukwaa la ajira. Hapa tubaki kwenye mizimu.

#41 Zuhura_Krakow
Poland: kimya. Tarehe 1 nchi nzima iko barabarani kwenda makaburini na mishumaa ndani ya vikombe vya kioo na maua ya krisanthemumu. Usiku makaburi yanang'aa hadi mawingu yanakuwa mekundu. Bibi wa mwenzangu alimwona kijana kavaa kinyago cha mifupa ndani ya tramu usiku wa kuamkia siku hiyo, akamwambia: kesho nitakuombea, na wewe umo. Kijana akashuka kituo kilichofuata.

#42 Chemchem88
Huyo bibi na wa Glasgow wakutanishwe.

#43 Mlokole_Imara
Hiyo ya Poland ndiyo inayoeleweka. Mtu anakumbuka wafu wake kwa heshima. Nauliza kwa Fundi: je, huko Ujerumani hakuna kitu cha watoto kisicho na mafuvu? Mke wangu ananiambia mtoto analia shuleni wenzake wote wana ndoo.

#44 Fundi_wa_Stuttgart
Kipo, tena kizuri. Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Nilikaa Bonn kabla ya kuhamia huku: watoto wanatengeneza fanusi za karatasi, wanaandamana gizani wakiimba nyuma ya mpanda farasi aliyevaa kama askari wa Kirumi, kwa sababu Martin alikata joho lake akampa nusu ombaomba. Mwisho moto mkubwa. Halafu wanapita milangoni wanaimba na wanapewa pipi.

#45 Kipara_wa_Clyde
Ngoja. Wanaimba KABLA ya kupewa?

#46 Fundi_wa_Stuttgart
Kabla. Bila wimbo hupati. Ila wazazi wa Bonn wanalalamika kwamba watoto wamekula pipi nyingi sana tarehe 31, ikifika 11 wanaimba ubeti mmoja tu na kunyoosha mkono.

#47 Msoma_Nyaraka
Na kabla ya 1582, kalenda ilipokuwa imechelewa siku kumi, hizo tarehe zilikuwa...

#48 Mlokole_Imara
Msoma, tafadhali. Fundi, hilo la Martin, kanisa linaruhusu?

#49 Fundi_wa_Stuttgart
Mara nyingi parokia ndiyo inayoandaa. Farasi tu ndiye wa kukodi.